Kipindi cha Alhamisi

Mwalimu Asnath ni jirani yangu hapa Kigwa, tunaombana hata chumvi, na bado simwelewi. Mimi nafundisha hesabu. Kwangu jibu ni moja, ukilikosa umelikosa. Yeye kila Alhamisi anawaambia darasa la sita waandike jambo waliloliona kwa macho yao, na hata mfano ubaoni hawapi. Mtihani wenyewe maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Sasa huko kuandika kunawasaidia nini? Nikimuuliza ananijibu, "Mwalimu Zablon, subira yavuta heri." Haya, nasubiri.

Mwalimu mkuu alichoka kusubiri. Akasema kuanzia Alhamisi inayofuata kipindi kiwe cha hesabu, nikichukue mimi. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Asnath hakubisha, ila jioni hakuja kuomba chumvi.

Asubuhi ya Alhamisi yenyewe akaingia ofisini Mama Shukrani, mjane wa marehemu Adriano mrina asali. Amefura. Watoto walikuwa wameyafikisha maneno mpaka kisimani: binti yake kaandika habari za mazishi ya baba yake. Siku ile mtani wetu mmoja, Mgogo, kama ilivyo desturi ya watani msibani, aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Mjane akacheka. Shukrani akaandika: "Mama alicheka. Tangu siku ile simpendi."

"Ndiyo mnayowafundisha haya, kuanika ya nyumbani?" akatuuliza.

Nikamuunga mkono. Kweli, ya ndani ni ya ndani. Lakini Asnath akasema taratibu, "Mama Shukrani, mtoto anakusemesha siku hizi?"

Mama akakaa kitini. "Hanisemeshi. Nilidhani ni msiba."

Asnath akamwita Shukrani. Mtoto akasimama mlangoni, macho chini. Nilitegemea mama amchape kofi. Wapi. Alimwambia, "Yule Mgogo alipofiwa na mama yake, aliyelala kaburini ni baba yako. Aligoma kutoka mpaka akapewa jogoo, tukamla kwetu nyumbani. Sasa siku tunamzika, nilimwona baba yako mle kaburini, mzima, anadai kuku wake. Ndiyo nikacheka, mwanangu. Usiku nililia mpaka sauti ikakauka."

Shukrani akalia. Mama yake akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki zangu, sijui nitoke au nibaki. Nilikuwepo mazishini, nami nilicheka, na sikujua kama kuna mtoto anatuangalia.

Kengele ikalia. Nikaelekea darasani, Shukrani akanifuata nyuma.

"Mwalimu, insha yangu haijaisha."

Nilitaka kumwambia kipindi ni cha hesabu. Nikarudi ofisini nikamwambia Asnath aende, darasa linamsubiri. Mwalimu mkuu ananidai maelezo mpaka leo, na kila nikianza kumweleza najikuta namsimulia habari ya jogoo.