Kigego Juu ya Dungu

Nilipokuwa mtoto pale Tarasaa, bondeni kando ya mto, siku ya kula wali mpya nyumba yetu yote ilikaa mkekani kuzunguka sinia moja, isipokuwa mimi. Mimi nilipewa ugali wa unga wa duka nikaonyeshwa nyuma ya jiko. Kosa langu lilikuwa meno. Watoto wengine huanza kuota ya chini. Mimi, kwa haraka zangu ambazo hazijaniisha mpaka leo, nilianza na ya juu. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na Bibi mzaa baba aliamini kwamba kigego ana mkosi na nafaka. Akikanyaga shamba la mpunga kabla haujavunwa, masuke husimama yakapendeza macho, lakini ndani hamna kitu, mapepe matupu. Akila wali mpya pamoja na wenzake, akiba haifiki msimu mwingine.

Sikupigwa wala kufukuzwa. Zamani, wakubwa walinong'ona wakidhani nimelala, mtoto kama mimi hata hakulelewa. Mama hakuyapenda mambo hayo, lakini alikuwa mkaza mwana nyumbani kwa mama mkwe, na Baba alikuwa mlinzi Malindi, anakuja kwa nadra. Angebishana na nani? Alichoweza ni kuniwekea kipande kikubwa cha samaki juu ya ugali wangu.

Asiyetoka kwetu atauliza, kwani ugali si chakula? Kilio cha nini? Nitamweleza. Kwetu ndizi, muhogo na kambale wa mto ni vya kusogeza siku. Mtu akila samaki mzima bila ugali wala wali, atakuambia bado hajala. Na ugali ni wa kila siku, lakini wali uliotoka kwenye tope la bonde letu wenyewe ndio wa arusi, wa matanga, wa mgeni anayeheshimiwa. Mwenye mpunga ndani huongea kwa sauti barabarani. Kwa hiyo kunyimwa wali mpya kulikuwa ni kuambiwa kwamba mimi si mtu kamili wa nyumba ile. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na liliniuma sana.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa hivi. Misimu miwili iliyotangulia mto ulikuwa umetukomoa: kwanza haukupanda kabisa, kisha ukapanda ukazoa kila kitu. Safari hii ulipanda na kushuka kwa wakati wake, na mpunga ukatoka wa kuringia. Ulipotia maziwa, punje zikiwa bado laini na ukizibinya zinatoa utomvu mweupe, kwelea nao wakaja. Ni ndege wadogo, lakini wakishuka kwa pamoja humaliza shamba kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo Bibi ndiye aliyekwenda kuwaamia, yaani kuwafukuza. Alikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akipiga debe na kurusha madongo kwa kombeo. Mimi nilimpelekea uji mpaka mpakani tu, kwenye mti mmoja wa mkoma uliopinda. Niliuweka chini, nikaita, naye akaja kuuchukua.

Asubuhi moja niliita, hakuja. Debe nalo lilikuwa kimya. Nilipochungulia nilimwona ameketi kwenye tope chini ya dungu, ameushika mguu kwa mikono miwili. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi. Na kwelea walikuwa wanashuka, kundi baada ya kundi, hata masuke yakainama kwa uzito wao.

"Bibi, wanakula!"

"Nawaona. We Dama, simama papo hapo!"

"Wanamaliza, Bibi!"

"Wacha wale. Wakila watabakisha. Wewe ukiingia hapabaki kitu."

Mdomo wangu umenitia matatani mara nyingi, lakini siku ile ulisema jambo ambalo hata leo ningelisema tena. "Na mpunga ukiisha, Bibi, mimi nitaharibu nini?"

Alijaribu kuinuka anizuie. Mguu ukamkatalia. Niliingia. Naikumbuka hatua ya kwanza, baridi ya tope kati ya vidole na majani yakinikwaruza kifua, nami nikisubiri radi inipige. Haikunipiga. Nikapanda dungu kama nyani, nikalitwanga lile debe kwa nguvu zote za mtoto aliyekula ugali nyuma ya jiko miaka yote hiyo. Nilipiga kelele, nikatukana kwelea na mama zao. Wakaruka kwa pamoja, na kivuli chao kikapita juu ya kichwa changu.

Bibi alinilaani, halafu akanisihi nishuke. Kisha wale ndege wakageuka ili washuke kwa nyuma, nami sikuwaona.

"Upande wa mto!" ikatoka sauti chini yangu. "Upande wa mto, mwana, huoni? Warushie!"

Nikawarushia. Tukaamia hivyo mpaka jua likaelekea kuzama, yeye akiwa macho na mimi mikono. Tulirudi nyumbani yeye ameegemea bega langu, akaenda moja kwa moja kitandani kwa Mama. "Kesho aende tena," alisema. "Kama ni kuharibika, mpunga umeshaharibika."

Mama aligeukia ukutani ili Bibi asimwone anacheka.

Basi niliamia mpaka mavuno, lakini sitadanganya kwamba nilikuwa na raha. Mpunga ulipoanza kuwa wa manjano ulikuwa mzuri mno, na Bibi alikuwa ameshasema kwamba mapepe nayo hupendeza. Jirani alipita akaniona juu ya dungu, akatikisa kichwa akaenda zake. Usiku nilijiuliza: kama ni kweli? Kama nimeinyima chakula nyumba nzima kwa ubishi wangu?

Tulivuna, tukapura, ikabaki kupeta. Majirani walikuja, wengine kusaidia na wengine kuona. Bibi alisimama kwa mguu wake mzima, akajaza ungo, akauinua juu ya kichwa na kuumimina mpunga polepole kwenye upepo. Mapepe ni mepesi, hupeperuka; punje iliyojaa huanguka. Nilifumba macho. Nikasikia mpunga unaanguka mkekani, mzito, mfululizo. Nilipofumbua, makapi yaliyokwenda na upepo yalikuwa kidogo tu, na miguuni pa Bibi palikuwa na kilima.

Nilirukaruka kama mwendawazimu, na Mama akapiga vigelegele kabla ya mama mkwe, jambo ambalo halifanyiki.

Siku ya kulimbua, ndiyo hiyo ya kula wali mpya, Bibi alifinyanga tonge la kwanza. Desturi ni mwenye shamba alionje kwanza. Alinitazama, akanyoosha mkono. "Fungua kinywa." Kisha akawageukia majirani. "Kwelea wamemkimbia huyu. Nani kati yenu ana meno ya kutisha ndege?" Wakacheka, nami nikatafuna. Wali ule ulikuwa wa moto, uliniunguza ulimi, na sijala mtamu kuushinda.

Bibi hakusema kamwe kwamba alikosea. Imani yake aliigeuza tu upande mwingine, ikanifungulia mlango, na nilimpenda kwa hilo. Sasa nalima shamba langu mwenyewe kule bondeni, na mto ukichelewa nami huanza kutafuta wa kumlaumu, ndipo ninapomwelewa. Hakunichukia. Aliogopa njaa, na hofu ilipotafuta mahali pa kukaa ikakuta kinywa cha mtoto. Mpunga wenyewe haukuwahi kuuliza meno yangu yalianzia wapi.

Msimu uliopita tulipokuwa tunavuna, alikuja msichana aliyeolewa karibuni nyumba ya jirani. Alisimama mpakani na mtoto mgongoni, amemfunika mdomo kwa leso. Nilijua bila kuambiwa: meno ya juu. Nikamwita aingie, amshushe mtoto. Mtoto akatambaa kwenye mabua, akashika suke zima na kulitia kinywani. Mama yake alikurupuka amnyang'anye.

"Mwache aonje," nikamwambia. "Ni wake."