Mlango Wetu Katika Kitabu cha Wajapani

Kitabu chenyewe kilikuja ndani ya boksi la samaki wa kopo. Baba yangu alikuwa dereva wa Wajapani waliokuja kutafuta maji nje ya mji wetu wa Ibra, huku Uarabuni, na kwa vile alikijua Kiingereza cha skuli ya Unguja, akawa mkalimani wao pia. Kambi yao moja ilipofungwa wakampa vilivyobaki: makopo, sufuria mbili, na vitabu vya picha vilivyochakaa, vinene kama tofali.

"Wenyewe wanaviita manga," Baba akasema.

"Manga?" Bibi, mama yake Baba, akadakia. "Manga si jina la huku huku tulipo? Basi makopo warudishie, vitabu ni vyetu."

Tukacheka. Mimi nikaanza kupekua nimesimama, maana kukaa nikangoja sijui. Cha tatu ndicho kilichonikalisha chini. Ndani mlikuwa na mlango. Mlango wa Unguja, wa mbao za kuchonga na njumu za shaba. Wanawake wamejifunga kanga, mmoja kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mzee wa kanzu na jambia anakunywa kahawa kwa finjani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilizaliwa njiani, miaka saba baada ya watu wetu kuondoka na kabla hawajafika huku, na Unguja naijua kwa maneno ya Bibi tu. Skuli wasichana wananiita Zinjibari, na mwalimu wa jiografia alipotufundisha Afrika alituonyesha twiga, halafu darasa zima likageuka kunitazama mimi. Kwenye vitabu vya skuli hatumo. Kwenye televisheni hatumo. Na Mjapani mmoja, huko kwao, wallahi, amekaa chini akatuchora mpaka vifuu vya nazi.

Nikamkimbilia Bibi. Akavaa miwani.

"Huyu nani kamfunga kanga? Pindo liko ubavuni kama taulo!"

"Bibi, kachora Mjapani."

"Na jina la kanga liko wapi? Hapa kaandika minyoo."

Alikisema kitabu kile kila ukurasa, lakini mkononi hakukiachia.

Lazima niseme habari ya shangazi yangu, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Shangazi ndiye mtoto wa mwisho wa Bibi. Mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi, walipopata nafasi kwenye meli, alikuwa na miaka minne na surua imemjaa mwili mzima. Wenye meli hawakutaka mtoto mgonjwa. Bibi alikuwa na wengine watano wa kuwaokoa. Akamkabidhi yule mdogo kwa jirani, shoga yake, akamwambia, "Nitamfuata." Hakumfuata. Shangazi alikulia kule, akaolewa, akazaa. Sasa ruhusa ya kwenda ilikuwa inapatikana, watu wa Ibra na wa Nizwa walikuwa wanakwenda na kurudi, na Baba kila mwaka alimwambia mama yake, "Twende." Bibi alimjibu hivyo hivyo kila mwaka: "Nikafike nimwambie nini?"

Kitabu hakikuwa na jalada wala namba za kurasa, na maandishi yake nani ayajue. Nikakifungua kama ninavyofungua vitabu vya Kiingereza vya Baba, nikamsimulia Bibi kwa picha. Kwanza bahari tupu. Kisha meli, na mwanamke kashika vyuma vya meli analia. "Analia kwa furaha," nikasema, "anaiona nchi yao." Kisha yumo vichochoroni, mbio. Kisha yuko mlangoni na mwanamke mwengine, na katikati yao mtoto. Kisha wote wamo ndani, nazi inakunwa, kahawa inamiminwa, mtoto yuko mapajani kwa mama yake.

Bibi alinizuia mara moja tu. "Mbona pale kichochoroni mlango kaupa mgongo?"

"Wajapani hawajui kuchora, Bibi. Si umeona kanga?"

Aliitazama tena picha. Halafu akauliza polepole, "Na aliporudi, yule mtoto hakumkataa?"

"Hakumkataa. Tazama alivyomlalia."

Siku nne mfululizo, baada ya sala ya alasiri, aliniita nimsomee. Siku ya nne, Baba alipoingia, akamwambia, "Nipeleke nikapigwe picha ya paspoti."

Baba alitoka nje akajifanya anatazama injini ya gari. Alikaa huko muda mrefu.

Basi nyumba ikachangamka. Bibi alipigwa picha kakunja uso kama anagombana na mpiga picha. Akanunua vitambaa, akaagiza halua Nizwa, akaniandikisha barua kwa Shangazi: nakuja tende zikishavunwa. Alianza hata kutusimulia vitu vya huyo mtoto, kwamba alikuwa haogi mpaka aimbiwe. Baba alikuwa hajapata kuyasikia maneno hayo.

Ijumaa moja Baba akamleta Mjapani mmoja aliyebaki, kula chakula cha mchana. Mtu wa adabu, anainama kwa kila anayepita, hata paka. Akakiona kitabu juu ya mkeka, akafurahi kama kaona ndugu. Akakigeuza. Akakifungua kule nilikokuwa nikimalizia mimi, akaanza kusoma.

"Baba, mwulize, mbona anaanzia mwisho?"

Wakasemezana Kiingereza. "Anasema huo ndio mwanzo," Baba akanijibu. "Vya kwao vinasomwa kutoka kulia, kama vyetu."

Kama vyetu! Na mimi msahafu naufungua tangu nina miaka mitano.

Mgeni alipoondoka nikakichukua kitabu mpaka jikoni. Nyumba imejaa, kahawa, nazi. Kisha watu wanagonga. Kisha mtoto anakabidhiwa kwa jirani. Kichochoro, na mlango uko nyuma ya yule mwanamke kama ulivyochorwa, sawasawa kabisa. Meli. Ukurasa wa mwisho maji matupu.

Baba akanikuta pale. "Usimwambie," akasema. "Khalas, basi. Katuni hizo."

Nikakubali. Lakini kesho yake alasiri Bibi aliponiita, mkono wangu ulikifungua kutoka kulia, na yeye akaona. Ningeweza kusema nimekosea. Ningeweza kungoja wiki tatu tu, tende zilikuwa zishaanza kuiva. Sikungoja. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikijiona mtu mzima kwa kusema kweli.

Bibi alikichukua akakifungua mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka kulia. Pale kwenye kichochoro akaweka kidole.

"Huyu hakugeuka," akasema. "Mimi niligeuka. Mwanangu alikuwa ananinyooshea mikono."

"Bibi, ni picha tu! Shangazi mtu mzima sasa, anakungoja!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimekwambia najua."

Akanirudishia kitabu, akaenda kutia udhu kwa ajili ya magharibi.

Paspoti ilitoka. Baba akamletea, naye akaiweka sandukuni chini ya vile vitambaa. Tende zikavunwa, zikakaushwa, zikauzwa. Halua tukaila sisi. Kisha ikaja barua ya Shangazi. Mama, kitanda changu nimekutandikia wewe, na wajukuu wanauliza unapenda kula nini. Niliisoma mara mbili, na Bibi alisikiliza kainamisha kichwa.

"Mjibu," akasema. "Mwambie miguu."

"Miguu imefanya nini?"

"Inaniuma."

Miguu ile kila asubuhi ilikuwa inakwenda na kurudi kwenye mfereji wa falaji na beseni la nguo kichwani. Nilimtazama Baba. Akatazama ukutani. Nikaandika: Mama yako anakusalimu sana, miguu inamsumbua, mwombee dua.

Miezi miwili baadaye akaja msafiri kutoka Unguja na chupa ya mafuta ya karafuu, imefungwa kwa kitambaa, na karatasi ndogo. Shangazi kaandika mafuta hayo kayapika mwenyewe, Mama achuliwe asubuhi na jioni, usiache hata siku moja.

Bibi alifungua chupa akanusa. Akakaa juu ya mkeka, akapandisha suruali yake ya marinda, akanyoosha miguu ile mizima, isiyo na ila yoyote.

"Njoo unichue," akaniambia.

Nikamchua.