Boga la Kukiri Makosa

Mwanaume mzima, tai shingoni, alisimama katikati ya mgahawa wetu akasema, "Maziwa ya mtoto nyumbani nayamaliza mimi. Mke wangu anamsingizia paka."

Kisha akaketi, akala boga lake kwa raha zote.

Chanzo cha balaa lile ni mimi.

Tulikuwa wapishi wawili, mimi na jamaa tuliyemwita Fundi Supu. Wateja walikuwa wamehamia kwa jirani. Tajiri, mwenye mgahawa, akatuita jikoni.

"Kila mmoja alete chakula cha msimu cha kwao, na hadithi yake. Ambaye chakula chake kitakataliwa, avue aproni aende."

Sasa mimi kwetu niliondoka nikiwa na miaka minne. Nilichokumbuka ni boga la kuchemsha wakati wa mavuno, na jinsi tulivyofagishwa uwanja mzima kabla ya kupewa kipande. Hadithi sikuwa nayo hata ya dawa.

Fundi Supu alikuja na kunde mpya na kisa cha babu yake, kirefu mpaka kunde zikapoa.

Mimi nikatunga.

"Kwetu," nikawaambia wateja kwa sauti ya msibani, "boga la kwanza la msimu haliliwi mpaka ukiri kosa moja mbele za watu. Ukificha, linakuwa chungu mdomoni."

Weee. Wiki haikuisha, watu wanapanga foleni. Fundi cherehani alikiri kwamba alipunja kitambaa cha mteja akajishonea kaptula. Mwalimu alikiri anasahihisha insha bila kuzisoma. Nakwambia, binadamu anapenda kukiri kuliko kula, akipata tu kisingizio. Fundi Supu akawa ananitazama kwa jicho la husuda, na kunde zake zimelala.

Ijumaa moja mchana akaingia bibi mmoja na mkongojo wake. Akauliza boga lile ni la wapi. Tajiri, kwa majivuno, akataja kwetu, mpaka na kijiji.

"Kumbe ni kwetu," bibi akasema. "Mpishi yuko wapi?"

Ningemdanganya nini mtu aliyezaliwa na kuzeekea huko? Nilitoka jikoni huku najiona sina kazi.

Bibi alionja, akatafuna taratibu.

"Chungu," akasema. "Mila ni ya kweli, ila umesahau kipande, mjukuu wangu. Kwetu anayeanza kukiri ni mpishi."

Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa umenuna, lakini macho yanacheka. Nikajua amenikamata.

Nikavua aproni. "Mila hiyo haipo," nikasema. "Niliitunga jikoni kwa kuogopa kufukuzwa. Nisameheni."

Mwenye tai akaziba uso kwa leso.

Bibi akachukua kipande cha pili. "Sasa limekuwa tamu." Akawageukia wateja. "Mnashangaa nini? Mlidhani mila huja na mvua? Kijijini kwetu mtoto hagusi boga jipya mpaka afagie uwanja. Mwaka wa hamsini huu wanaifuata, na wanasema ni ya mababu. Niliitunga mimi. Mgongo ulikuwa unaniuma."

Kitu pekee cha kwetu nilichotembea nacho maisha yangu yote, kumbe ni ujanja wa huyu bibi.

Tajiri akakohoa. "Basi na mimi nikiri. Hakuna aliyekuwa anafukuzwa. Nilitaka mjitume tu."

Fundi Supu akakaa chini, akaomba kipande cha boga. Kosa alilokiri siliandiki hapa, maana linahusu kunde alizokuwa akinipakulia mchana, na bado namdai maelezo.

Aproni nimeivaa tena. Wateja bado wanakiri, tena sasa wanajua ni uongo.

Funzo langu ni hili: mila za kwenu zishike, zitakuweka mjini. Ila siku moja muulize bibi yako, kwa heshima, ni mgongo wa nani uliokuwa unauma.