Dada Hakujua Kunong'ona

Wiki iliyopita nilipita Dunda, mwanangu mgongoni, nikasimama mbele ya nyumba ya bibi. Sasa ni duka la simu. Nilitaka chaja tu, mwenzangu, lakini kwa hasira iliyonipanda nilishindwa hata kuuliza bei.

Pale barazani bibi alikaanga vitumbua kila alfajiri, harufu ya hiliki na tui ikitutoa kitandani. Mimi nilipepea moto. Dada yangu, kiziwi tangu homa ya utotoni, kazi yake ilikuwa kuita wateja. Usicheke. Bibi alimfundisha mwenyewe: alikichukua kiganja cha dada, akakiweka kooni mwake mwenyewe, akatamka "kitumbua" taratibu, dada akalishika neno kwa mkono, kisha akalitoa kinywani. Lilitoka limepinda, ila kwa nguvu zote. "Huyu akiita hapa, Kaole wanaitika," bibi alitamba.

Ndipo ikaja ile miaka ya hofu. Baba aliuliza swali mkutanoni, swali moja tu, kuhusu mashamba yaliyochukuliwa. Kesho yake gari la vioo vyeusi likaegeshwa mtaani kwetu. Watu walikuwa wakichukuliwa na hujui umuulize nani. Baba akakimbilia Fukayosi kwa jamaa yake. Sisi tukaonywa tuseme yuko Dar, kibaruani. Redio ikapunguzwa, wakubwa wakawa wanasemezana kwa midomo tu. Na dada alisoma midomo, hakuna kilichompita. Ila kunong'ona hakujua. Angejuaje, wakati sauti yake mwenyewe haisikii?

Asubuhi moja mke wa mjumbe, yule aliyepeleka habari zetu serikalini, alinunua vitumbua vyake, kisha akamgeukia dada. Akajishika kidevu kama mwenye ndevu, akapindua viganja: baba yuko wapi? Hakuna mtu mzima wa nje aliyewahi kumuuliza dada kitu. Alifurahi mno. Akavuta pumzi.

"Fuu-ka-yo!"

Nikapepea moto kwa fujo, majivu yakaruka.

"Mjukuu wako anasemaje?"

"Anakushukuru, mwanangu," bibi alijibu, macho kwenye kikaango. "Karibu na kesho."

Alipoondoka, bibi aliuchukua mkono wa dada, akauweka kooni mwake, akafumba midomo, akatikisa kichwa. Akarudia. Akarudia tena, mpaka dada akaelewa. Kuanzia hapo kila alipofungua kinywa, kiganja cha mama kilikuwa juu yake. Tulilala na kuamka tukisikiliza gari.

Gari halikuja. Baba alirudi mzima vuli ilipoanza, wakachinja kuku, wakamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyedhurika. Mpaka leo wanasema hivyo, na mpaka leo wakisema natoka nje.

Dada yuko Lugoba, fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Akicheka mabega yanatikisika, basi, sauti haitoki. Niliwaambia wanawe kwamba mama yao alikuwa akiamsha mtaa mzima uje kula. Wakamtazama, wakanitazama mimi, wakacheka. Walidhani nawatania.