Michikichi ya Mahameni

Kabla sijamwona mtu, nilisikia kishindo cha mkungu wa chikichi ukianguka kwenye majani mabichi. Ukungu wa ziwa ulikuwa haujainuka. Kisha salamu ya Kiha ikanijia kutoka juu ya mti: "Mwakeye, mwanangu! Usipite chini, utapasuka kichwa." Alikuwa Mzee Hamisi, baba yake Zuhura, rafiki yangu wa darasani. Nikamwamkia, naye akaendelea kukata kwa panga lake, peupe, kama mtu aliye uani kwake. Na kweli palikuwa kwake. Mwaka uliotangulia sote tulihamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Ilagala. Makazi yetu yakawa mahame, na mashamba ya zamani yakatangazwa kuwa ya kijiji. Lakini kwetu, aliyepanda mchikichi ndiye mwenye mchikichi, hata ardhi akipewa mwingine. Likizo ilipokwisha tukarudi shuleni Kigoma, Mzee Hamisi akiwa ameshtakiwa kwa wizi.

Muhula ule mwalimu wa siasa alitufundisha migogoro ya ardhi na utetezi katika kesi za jinai. Madirisha yalikuwa wazi, na harufu ya dagaa walioanikwa Bangwe ilitufikia mpaka kwenye madawati.

"Anayechukua kitu akiamini kwa dhati kuwa ni chake," alisema, "hana nia ya kuiba. Huo ni utetezi."

"Basi mwalimu, mimi naamini ugali wa kiranja ni wangu!" alidakia Bukuru kutoka nyuma.

"Wewe unaamini tumbo lako." Darasa likaangua kicheko.

Zuhura hakucheka. Alisimama. "Mwalimu, mshtakiwa akiulizwa kama alikata, akajibu 'ndiyo', akanyamaza?"

"Ameshakiri kosa. Lazima aseme na kwa nini alikata."

"Baba hatasema. Kwake, anayejieleza sana ni mwongo. Na anaitwa mahakamani Ujiji leo, saa sita."

Mwalimu alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na robo. "Mbona hukusema mapema?"

"Sikujua kama 'ndiyo' inafunga mtu."

Mchana ule hakimu alimwachia huru, baada ya kumsikiliza mzee akiitaja michikichi yake mmoja baada ya mwingine, na msimu alioupanda kila mmoja. Miti yenyewe ilibaki ya kijiji mpaka mzee alipokufa. Haki haikumfikia nzima. Leo mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kata. Watu huja na ramani, na picha kwenye simu, na maneno hayawaishii. Mara chache huja mmoja, mara nyingi mzee, akajibu "ndiyo" na kufunga mdomo. Huyo mimi humuuliza mara ya pili.

Lakini asubuhi ile darasani hatukuwa na hakika ya lolote. Mwalimu alisema tu, "Kimbia." Zuhura alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka, na upepo wa ziwa ukaubamiza mlango nyuma yake.