Viatu Vilivyofuliwa Kabla ya Usaili

Ilianza Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, kwa sauti ya brashi. Nilikuwa bado kitandani, chumbani kwangu Fittja, kitongoji chetu hapa Uswidi, nasikiliza sauti za Jumamosi zote: baba anatafuta funguo za gari aende zamu yake ghalani Jordbro, redio inaongea peke yake jikoni, maji yanamwagika bafuni. Halafu brashi. Mama husugua viatu vya nyumba nzima kila Jumamosi, vya baba vya kazini, raba zangu, hata ndala, kisha anavipanga juu ya gazeti karibu na hita. Niligeukia ukutani nilale tena. Ndipo nikakumbuka kwamba mkoba wangu wa mazoezi niliuacha wazi mlangoni.

Nilikimbia bafuni bila soksi. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko, na ndani ya povu vilikuwemo viatu vyangu vya pointi.

“Mama, umefanya nini?”

Nilisema kwa Kiswahili. Mimi humjibu mama kwa Kiswidi, yeye huniuliza kwa Kiswahili, tumezoea hivyo. Nadhani Kiswahili changu ndicho kilichomshtua kabla hata hajajua kosa.

“Nimefua viatu. Kwani?”

Kiatu cha pointi ni kile cha hariri ya waridi ambacho mcheza baleti anasimamia ncha za vidole. Watu wanadhani mbele mna mbao au chuma. Hamna. Ni kitambaa, karatasi na gundi, tabaka juu ya tabaka, vikikauka vinakuwa vigumu kama gamba. Ukivitia maji, gundi inarudi kuwa uji. Nilikitoa kimoja kwenye beseni na ncha yake ikainama taratibu, kama sikio la mbwa.

Na usaili ulikuwa kesho yake, Jumapili, saa nne. Ni wa shule ya sekondari ambako nusu ya siku unasoma masomo kama wengine na nusu unacheza baleti, kwa watu wanaotaka iwe kazi yao. Wanachukua wachache, na unaomba ukiwa darasa la tisa. Mimi nipo darasa la tisa. Sikuwa na mpango mwingine na sikutaka kuwa nao.

Baba alichungulia, funguo mkononi. Alitazama beseni, akanitazama mimi.

“Mama, wewe hata pasipoti ukiachiwa mezani utaifua.”

“Nenda kazini, baba, utachelewa,” mama alimjibu.

“Naenda. Ngoja nifiche viatu vyangu.”

Alipotoka, mama alikaa kwenye ukingo wa bafu. Alisema zile ncha zilikuwa nyeusi. Alisema mtoto anakwenda kukaguliwa na watu wazima, atakwendaje na viatu kama vya mchimba kaburi. Shuleni kwao Iringa walikuwa wanapangwa mstari kila Jumatatu, mwalimu anapita na fimbo anatazama viatu na kola, na mama hakuchapwa hata mara moja. Hilo ameniambia tangu nikiwa mdogo, kwa fahari. Sasa ni mfamasia. Nyumbani kwetu hakuna dawa ya kikohozi inayonywewa kabla hajasoma karatasi yake mbele na nyuma.

“Hivi havina karatasi,” alisema, akikigeuza kile kiatu. “Kitu kisichofuliwa kwa nini wasiandike?”

Sikulia. Nililia baadaye, kidogo, chini ya blanketi, na hapo pia zaidi kwa hasira.

Jambo gumu lilikuwa kumpigia simu mwalimu wangu. Mimi sipigi simu, naandika. Lakini hilo halikuandikika. Ni bibi wa Kiswidi, mwembamba, anazungumza kama anayehesabu midundo.

“Vimefanywa nini?” aliuliza.

“Vimefuliwa.”

Nilisikia anavuta kiti, anaketi.

“Nimefundisha tangu kabla mama yako hajazaliwa, na hilo sijalisikia. Vile vya mwaka jana?”

“Nilimpa yule mdogo wa kundi la Jumatano. Vilikuwa vinanibana. Ninavyo vipya kabatini, vile vya Agosti.”

“Usithubutu. Viatu vyako huchukua wiki kulainika. Nimewaona wasichana wakienda usaili na viatu vipya, wanafanana na watu wanaovuka barafu. Utakwenda na viatu laini. Sehemu ya pointi utaicheza kwa nusu ncha, visigino juu na vidole sakafuni, na kabla haijaanza utaenda mezani kwao useme mwenyewe. Kwa sauti.”

“Huwezi kuwaandikia wewe?”

“Ninaweza. Sitaandika.”

Niseme ukweli kuhusu mimi. Kucheza mbele ya watu siogopi. Miguu yangu ni mizuri, naruka juu kuliko wote kundini, na muziki nausikia mapema. Naandika hivi bila aibu kwa sababu hakuna atakayenitaka niyasome kwa sauti. Kusema ndiko kunakonishinda. Kanisani waliponipa somo la Krismasi nilijifungia chooni mpaka dada mmoja wa Burundi akalisoma badala yangu. Kwa hiyo Jumamosi nzima sikufanya mazoezi ya miguu. Nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya sentensi moja.

Jumapili mama hakwenda kuimba kwaya. Tulipanda treni ya njia nyekundu, yeye na koti lake la ibada, chupa ya chai ya tangawizi na mayai ya kuchemsha kwenye mkoba. Baada ya vituo kadhaa akasema, akiangalia dirishani:

“Ningekuwa naweza kukusemea, ningekusemea.”

“Najua. Nitasema mwenyewe.”

“Sema basi kama unavyonijibu mimi. Hapo sauti unayo.”

Wazazi waliachwa kwenye korido. Sisi tulipewa namba za kubandika kifuani, mimi kumi na tisa, tukaingia ukumbi mkubwa wenye sakafu ya kijivu na madirisha marefu. Wasaili walikuwa watatu mezani: mwanamume mwenye skafu, mwanamke aliyekuwa anaandika muda wote, na katikati mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, ambaye hakuandika chochote. Pembeni mpiga piano.

Mazoezi ya kushikilia ufito wa ukutani yalienda vizuri. Katikati ya ukumbi vizuri zaidi. Miruko, sitajivuna sana, lakini yule mwenye skafu aliomba kundi letu turudie na alikuwa ananitazama mimi. Nilijua nafasi ya shule ile ipo. Ilibaki kidogo tu niishike.

Kisha mwenye mvi akasema, “Pointi, tafadhali,” na wote wakaketi kando ya ukuta kufunga riboni. Viatu vyao vyote vilikuwa na ncha nyeusi. Nilitamani mama avione.

Namba kumi na nane alinitazama. “Vyako viko wapi?”

“Sina.”

“Huna? Watadhani hujui.”

“Ndiyo maana nakwenda kuwaambia.”

Nikatembea. Ukumbi ule ni mrefu ukiwa hakuna muziki. Nilifika mezani, mikono nyuma, na ile sentensi ya kwenye kioo ikatoka: viatu vyangu vya pointi vimeharibika jana, naomba kucheza kwa nusu ncha. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

“Vimeharibikaje?” aliuliza mwenye mvi.

Jibu la swali hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Ningeweza kusema vimechakaa. Lakini mama alikuwa nje na mayai yake, na sikutaka kumficha kama kitu cha aibu.

“Vimefuliwa. Kwa sabuni. Mama alivifua, kwa sababu kwetu huendi kukaguliwa na viatu vichafu.”

Mpiga piano alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenye skafu aliinama kutazama viatu vya wale kando ya ukuta, kisha vyake mwenyewe, akavirudisha chini ya kiti. Mwenye mvi hakucheka.

“Nusu ncha, basi. Kisigino juu kadiri kinavyopanda, kisishuke hata mara moja. Nitakuwa naangalia visigino tu.”

“Aangalie,” nilijiambia. Nilirudi mahali pangu kichwa kikiwa juu. Kusema kulikuwa kumekwisha, na kilichobaki ni kile ninachokiweza. Wenzangu walikuwa warefu kuliko mimi, juu ya ncha zao, wakigonga sakafu ko, ko, ko. Mimi sikutoa sauti. Mashavu ya miguu yaliwaka moto, visigino havikushuka. Mwishoni tuliinama kwa heshima kwa wasaili na kwa mpiga piano, jambo ambalo halijawahi kunipa shida. Kukunja goti mbele ya wakubwa nilifundishwa kabla ya baleti.

Baada ya saa moja hivi mwenye mvi alitoka koridoni akasoma namba za waliopata nafasi. Kumi na nane imo. Kumi na tisa haimo. Mama alinishika mkono. Watu walikuwa wanaanza kukumbatiana.

“Kumi na tisa,” akasema yule mwanamke, “wewe usiondoke.”

Alisubiri watu wapungue koridoni.

“Ndani ya kiatu laini mguu haufichiki. Tumeuona wako, tunautaka. Lakini siwezi kumchukua mtu nisiyemwona juu ya pointi. Nafasi moja nimeiacha wazi mpaka Jumamosi ijayo, saa tatu. Utakuwa peke yako. Ukisimama vizuri ni yako.”

Nikasema sawa. Peke yangu mbele ya watu watatu, na nilisema sawa kama naagizwa maziwa dukani.

Mama alisimama, goti likakunjika kidogo lenyewe, akasema kwa Kiswidi chake cha duka la dawa, kilichonyooka: “Ni mimi niliyevifua.”

“Vilitakata?” aliuliza mwenye mvi.

“Sana.”

Kwenye treni tulikula mayai yote.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kabla ya shule, nikatoa kabatini vile viatu vipya, nikauchana mfuko wake. Viling'aa. Mama alikuwa jikoni, amevaa tayari nguo za kazini. Nilimweleza kwamba wiki ni fupi, lazima vianze kulainishwa leo: nyayo zikunjwe, ncha zipigwe ili zisigonge sakafu kama kwato. Nyundo ya baba ilikuwa garini, na gari lilikuwa Jordbro.

Mama alifikiri, akafungua kabati la chini, akatoa mchi wa kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Akauosha, akaunusa, akauviringishia kitambaa cha vyombo.

“Vipya hivi?”

“Vipya hivyo.”

“Nivipige?”

“Piga, mama.”

Alipiga kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

“Zaidi.”

Akapiga. Akanitazama, akapiga tena, sasa kama anayetwanga kweli, uso ameukunja kwa uchungu wa ile hariri. Nikachukua kimoja, nikakivaa bila riboni, nikashika ukingo wa sinki, nikapanda juu ya ncha.