Mate ya Tata

Mwanangu anasoma Uingereza. Alipokuja likizo alileta chokoleti, masweta, na kisanduku kidogo cha kupimia DNA. Unatema mate kwenye kichupa, alieleza, kinapelekwa maabara, na baada ya muda unaambiwa ukoo wa baba yako ulitoka wapi tangu kale na kale. Nikanyoosha mkono nipewe kichupa. Akacheka. "Mama, wewe huna hiyo alama. Inapita kwa wanaume tu, baba kwa mwana."

Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba katika ukoo mwanamke ni mpita njia, na sasa maabara ya Ulaya nayo ilikuwa inaniambia nikakae nje na wanawake wenzangu. Mwanangu naye ana alama ya baba yake, si ya kwetu. Aliyebaki ni baba yangu, Tata.

Tata ndiye mkubwa wa ukoo wetu kule Kagoma, wilayani Muleba. Kesi zote za vibanja, yale mashamba ya ukoo, na za nani ni wetu na nani si wetu, huishia kwake. Nilidhani atatufukuza na kichupa chetu. Kumbe alifurahi kupita kiasi. Alivaa koti lake la kanisani ili ateme mate, akasema sasa Wazungu watathibitisha aliyoyasema maisha yake yote: tulitoka Bunyoro, kule Uganda, na ng'ombe wetu, nyuma ya wafalme, na damu yetu haijachanganyika. Hata kamongo, samaki ambaye ni mwiko kwa ukoo wetu, anadai aliwahi kumwonja akiwa mtoto na ngozi ikamtoka mabaka mwili mzima. Ni damu iliyomkataa, hutuambia.

Tukiwa tunasubiri majibu, baba mdogo akafariki. Hakuwa na mke. Aliacha kijana mmoja, aliyemzaa na mwanamke wa Bukoba mjini ambaye baadaye aliolewa kwingine. Baba mdogo mwenyewe alimpa mtoto jina la ukoo, kama desturi yetu inavyotaka, akamlea, na kijana ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Matanga yalipokwisha alibaki kwenye kile kibanja akipalilia migomba na kahawa. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Tata akanipigia simu Rwamishenye, ninakoishi. "Nimeitisha kikao Jumamosi. Huyu kijana namtilia shaka toka zamani, uso wake si wetu. Sasa kipimo kipo. Apimwe kama nilivyopimwa mimi. Akionekana si damu yetu, atoke."

Nilikaa na simu mkononi nikijilaumu. Kichupa nilikipeleka mimi.

Majibu yalikuja siku mbili kabla ya kikao, nikiwa sokoni Bukoba nachagua nyanya. Kulikuwa na ramani. Afrika nzima ilikuwa ya kijivu. Juu kule, visiwa viwili vilipakwa kijani kibichi, Ayalandi na Uingereza, na maandishi yakatupongeza: baba wa baba zake Tata walikuwa wakichunga ng'ombe huko maelfu ya miaka iliyopita. Nikampigia mwanangu, nikamwambia watu wake wamechanganya vichupa. Akasema, "Mama, si ulisema baba yake Babu alikuwa mweupe sana?"

Nilisema. Baba yake Tata alizaliwa Waingereza wakiwa bado wapya Bukoba. Alikuwa mweupe mwenye nywele laini, na sisi tulijigamba kwamba ule ni weupe wa wafalme wa Bunyoro. Mama yake, tuliambiwa kwa fahari, aliwahi kumpikia bwana mmoja wa Kizungu alipokuwa msichana aliyetoka kuolewa. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijaanza shule, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali. Pale sokoni nilimfikiria yule msichana, umri wa wanafunzi ninaowafundisha. Sijui kama alimtaka yule bwana au alikamatwa tu. Ile ramani ilikuwa inanialika nitafute ndugu zangu wa Ayalandi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Tata sebuleni akinywa chai peke yake. Njiani nilikuwa nimeamua kumdanganya. Nje dirishani, yule kijana alikuwa akibeba mabenchi na kuyapanga uani kwa ajili ya kikao cha kumfukuza yeye mwenyewe. Nikashindwa kudanganya.

"Kasinge, Tata," nilimwamkia.

"Kasinge, mwana wange. Majibu?"

"Hawakuona Bunyoro. Wameona Ayalandi na Uingereza. Aliyemzaa baba yako alikuwa Mzungu."

Alicheka. "Mashine imekosea."

"Basi na kwa kijana itakosea. Na kama haikukosea, Tata, fikiri. Wewe na baba mdogo ni wa baba mmoja. Kijana akiwa mtoto wake kweli, kipimo kitamtoa huko huko Ayalandi. Akionekana Mhaya mtupu, ndiyo umfukuze. Wazee utawaelezaje?"

Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mwanamke wa..."

"Alikuwa mtoto, waitu," nilisema kwa heshima.

"Na babu yangu alijua?"

"Si alimwona mtoto? Akampa jina."

Kikaoni, wanawake tulikaa chini kwenye nyasi, pembeni ya ukuta. Mzee mmoja aliuliza kile kipimo kitafanyika lini. Tata alisimama, akashika fimbo yake.

"Asipimwe," alisema. "Ndugu yangu alimpa jina. Anayepewa jina ndani ya nyumba ni wa nyumba. Kibanja ni chake."

Wazee waliguna kwa kukubali, mmoja akasema huo ndio utu uzima. Kijana alipiga magoti mbele ya Tata, uso umelowa machozi, na mimi nusura nilie naye kwa furaha. Ila nilimwona Tata akiutazama mkono wa kijana ulionyooshwa kwake bila kujua aufanye nini.

Watu walipokwisha kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kutawanyika, aliniita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yalipo makaburi. Alisimama kwenye nafasi tupu kando ya kaburi la baba yake.

"Hapa nilikuwa nimepachagua pawe pangu," alisema.

"Bado ni pako. Uliyomwambia kijana ni kweli, Tata. Jina ni jina."

"Kwa kijana ni kweli."

Nikamshika mkono, nikamwambia asiseme hivyo, baba yake amelala palepale na hakuna aliyemwondoa. Aliinama akafuta majani makavu juu ya saruji, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

"Maskini baba," alisema. "Kumbe tulimzika kwa watu."